Andika Jina Nyuma ya Kivuli

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni mbele ya jamaa zetu Waswahili wa hapa Philadelphia. Wengi mlikuwa zamu ya jioni mkashindwa kufika, mkaniomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Vijana, mambo? Na nyie wadogo mliokaa chini hapa mbele, hamjambo?

Kitendawili!

(Tega!)

Nikienda anakwenda, nikisimama anasimama, nikimpiga haumii.

Naam, kivuli. Watoto wamewawahi wazee. Basi leo nimekuja kuwasimulia habari za watu waliokiona kivuli cha mwenzao wakakikata kwa mkasi, wakakibandika kwenye karatasi, na kikakaa. Mwenye kivuli akafa, wajukuu wakafa, nyumba ikavunjwa, kivuli kingali kipo. Wenyewe wanaiita silueti. Mimi nimezoea kusema kivuli cha karatasi, na mtaniwia radhi nikiendelea hivyo.

Kwanza niwaonyeshe, maana kusikia si kuona. Hii karatasi ni nyeusi upande huu, nyeupe upande huu. Huu ndio mkasi wangu: makali yake mafupi kuliko kidole changu cha mwisho, mikono yake mirefu kama ya mikasi ya daktari. Sasa utazameni huu mkono wa kulia. Unakwenda wapi? Hauendi popote. Umekaa hapahapa, unafumba na kufumbua tu. Kinachotembea ni karatasi, na mkono wa kushoto ndio unaoizungusha. Mtu asiyejua hupeleka mkasi kwenye karatasi. Fundi huleta karatasi kwenye mkasi.

Naanzia kifuani, napanda na koo. Nafika chini ya kidevu, hapo nageuza. Juu ya kidevu pana kibonde kidogo, kila mtu ana chake. Halafu mdomo wa chini, mdomo wa juu, na kutoka hapo mpaka puani pana nafasi ambayo kwenye karatasi haizidi punje mbili za mchele. Hapo ndipo napunguza pumzi. Ukiizidisha nafasi ile au ukaipunguza kwa unywele mmoja, umekata mtu mwingine. Macho nilishaacha kuyafikiria. Watu hudhani mtu yuko machoni, lakini mkato hauna macho, na bado mama yako akiuona atasema, huyu mwanangu. Vipi? Kwa sababu mama amekutazama ukiwa umelala, umegeuka, unakula, unaondoka. Upande wako anaujua kuliko wewe, maana wewe hujawahi kuuona ila kwa vioo viwili.

Sasa jina hili, silueti. Mwaka 1759 Ufaransa ilikuwa vitani, hazina imekauka, na mfalme akampa wizara ya fedha mtu aitwaye Étienne de Silhouette. Akabana matumizi, akataka matajiri nao watozwe. Mnajua yanayompata waziri wa namna hiyo. Alidumu miezi minane hivi. Watu wa Paris wakalitumia jina lake kwa kila kitu cha bei rahisi, kilichofanywa kwa kubana, na picha hizi za kivuli zikaangukia humo. Picha ya rangi za mafuta ilikuwa ya mwenye nyumba kubwa. Kivuli kilikuwa cha fundi viatu, cha mtumishi, cha bibi anayeuza samaki. Walilitoa jina kwa kubeza, na mimi nalipokea kwa heshima, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kumwachia mwanawe sura yake.

Lakini sikuja kuwazungumzia waziri. Nimekuja kuwazungumzia mtu wa mji huu.

Nyote mnalijua lile jengo la matofali mekundu lenye mnara, Chestnut Street, kati ya mtaa wa tano na wa sita. Kila mgeni anayetoka nyumbani tunampeleka pale, tunampiga picha, tunamwambia hapa ndipo Azimio la Uhuru lilipotiwa saini. Sawa. Lakini nani kati yenu aliwahi kuambiwa kwamba ghorofani mwa jengo lile, kuanzia 1802, alikuwa akikaa kijana mweusi na mkasi mkononi, akikata sura za watu kutwa nzima? Nyoosheni mikono.

Naona mmoja. Mmoja tu.

Aliitwa Moses Williams. Wazazi wake walikuwa Scarborough na Lucy, watumwa. Walifikaje Philadelphia? Palikuwa na mchoraji mashuhuri, Charles Willson Peale, aliyemfanyia kazi ya picha tajiri mmoja wa mashamba huko Maryland. Kazi ikaisha, ukafika wakati wa malipo. Sikilizeni vizuri hapa: akalipwa watu. Alichora picha, akalipwa mume na mke.

Moses alizaliwa 1777 katika nyumba hiyo. Mwaka 1786 Peale akawaachia huru baba na mama. Mtoto akabaki. Ana miaka tisa hivi, wazazi huru, yeye bado mtumwa.

Peale alikuwa na watoto wengi, akawapa majina ya wachoraji wakubwa wa Ulaya: Raphaelle, Rembrandt, Rubens, Titian. Nao akawafundisha brashi na rangi. Wamekua pamoja na Moses, nyumba moja. Je, Moses alifundishwa brashi? Hapana. Alifundishwa kujaza ngozi za wanyama na kupanga vitu vya makumbusho, kwa sababu Peale alifungua makumbusho ya ndege, wanyama na mifupa. Mwaka 1801 ilipoletwa mifupa ya mnyama wa kale mkubwa kama tembo, Moses ndiye aliyevalishwa mavazi ya Wahindi Wekundu, akapandishwa farasi mweupe, akazungushwa mjini na mpiga tarumbeta akigawa matangazo. Kijana mtumwa, amevishwa kabila lisilo lake, anatangaza mifupa ya bwana wake. Nikilifikiria jambo hilo nakosa la kusema.

Halafu mwaka 1802 yakatokea mambo mawili. Moses akapata uhuru wake. Na Mwingereza mmoja, John Isaac Hawkins, akaleta pale makumbusho mashine ya kufuatisha sura. Mtu anakaa kitini, ncha ya shaba inapitishwa taratibu juu ya uso wake, paji, pua, mdomo, kidevu, na huko upande wa pili vijiti vinapunguza mstari ule mpaka unakuwa mdogo wa kutoshea kiganjani, unaacha alama kwenye karatasi nyeupe. Karatasi imekunjwa mara mbili, kwa hiyo ukikata mara moja unapata nne. Na hapa pana jambo la kuangalia: hawakukata kichwa wakakibandika. Walikata ndani. Kile kichwa cha karatasi kilidondoka, kikabaki kitundu chenye umbo la mtu, wakaweka karatasi nyeusi kwa nyuma. Sura yenyewe ni tundu.

Mashine ilichora. Mashine haikukata. Aliyekata ni Moses, kwa senti nane kila mteja.

Mwaka 1803 peke yake alikata sura 8,880. Gawanyeni wenyewe: tukisema mwaka una siku 300 za kazi, ni watu karibu 30 kila siku. Kila mmoja na kidevu chake. Kila mmoja na kile kinafasi cha punje mbili za mchele. Mimi nikikata watu kumi kwenye harusi kidole gumba kinanifa ganzi mpaka kesho yake, na mkasi wangu ni wa chuma cha kisasa.

Kwa senti zile nane nane akanunua nyumba ya ghorofa. Akamwoa mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mpishi wa akina Peale, yuleyule ambaye siku za utumwa hakumruhusu Moses kukaa naye meza moja. Habari hiyo aliiandika Rembrandt Peale mwenyewe uzeeni. Naipenda kuliko zote. Si kwa ajili ya ndoa, hayo ni yao. Naipenda kwa sababu ya ile meza. Namfikiria Moses amekaa kwenye meza aliyoinunua kwa mkasi.

Sasa nauliza. Katika zile sura 8,880, jina lake liko wapi?

Karatasi zile zilipigwa mhuri chini ya kifua. Mhuri ule ulisema "Museum". Makumbusho. Basi. Kwa miaka mingi wanunuzi na wenye kuzihifadhi wamezitaja kuwa ni vivuli vya Peale. Vya Peale! Mkono ulikuwa wa nani? Wa Moses. Jicho lilikuwa la nani? La Moses. Jina liko wapi?

Liko mahali pamoja. Hapahapa mjini, Locust Street, kwenye maktaba ya Library Company, pana kivuli cha mwanamume, nywele zimefungwa kisogoni, na pameandikwa kwa mkono: Moses Williams, mkata sura. Muda mrefu kilihesabiwa kuwa kazi ya Raphaelle, mtoto wa Peale. Baadaye mwanahistoria Gwendolyn DuBois Shaw akakitazama kwa karibu, akaona mkasi haukuufuata sawasawa mstari wa mashine. Pale kwenye nywele mkono uliamua mambo yake. Akasema huenda ni Moses aliyejikata mwenyewe. Mimi si mwanahistoria, mimi ni mkata karatasi, na nawaambia kama mkata karatasi: mwanafunzi hauachi mstari. Anayeuacha ni yule ambaye mkono wake umeshapita humo maelfu ya mara.

Twende mbele kidogo. Alikuwapo Mfaransa, Auguste Edouart, aliyekimbilia Uingereza baada ya kumtumikia Napoleon jeshini. Alikuwa akijitafutia riziki kwa kutengeneza picha za nywele, nywele kweli, za watu na za mbwa. Siku moja yuko kwa marafiki, mabinti wa nyumba wanamwonyesha vivuli vya baba yao vilivyotolewa na mashine. Akasema, hivi havifai. Mabinti wakakasirika: haya, fanya wewe. Akachukua mkasi, akachana bahasha ya barua iliyokuwa mezani, akamshika mzee mkono akamketisha, akakata. Karatasi ilikuwa nyeupe, basi akapaka masizi ya utambi wa mshumaa kwa vidole vyake. Alikuwa amevuka miaka 35, na hakuwahi kukata sura ya mtu kabla ya hapo. Kazi ile ndiyo ikawa maisha yake.

Edouart hakuwahi kuitaka mashine. Lakini kilichonifanya nimlete hapa ni kitu kingine. Alikunja karatasi, akakata mbili kwa mpigo. Moja ya mteja, moja ya kwake. Na ile ya kwake aliibandika kitabuni akaandika: jina, tarehe, mji. Kila mtu! Alipita Uingereza, Uskoti, Ayalandi, na kuanzia 1839 akazunguka Marekani miaka kumi. Alimkata John Quincy Adams aliyekuwa rais, akawakata na wafanyabiashara wadogo ambao hakuna kitabu kingine kinachowakumbuka. Wote jina, tarehe, mji.

Mwaka 1849 akapanda meli kurudi Ulaya, meli iitwayo Oneida, na vitabu vyake vyote. Dhoruba ikawapiga kwenye kisiwa cha Guernsey, meli ikavunjika. Watu walitoka. Vitabu vingi vilikwenda na maji. Karatasi, ndugu zangu, na maji ya bahari! Vikaokolewa vichache, akaiachia familia iliyompokea kisiwani. Hakuishika tena kazi ile kama zamani, akafa 1861. Mwanzoni mwa karne ya 20 vile vitabu vilivyosalia vikatokea, na kwa kuwa vilikuwa na majina, watu wa mbali wakaanza kuwapata babu zao humo.

Mnaiona tofauti? Mmoja aliruhusiwa kuandika, mwingine alipigiwa mhuri.

Na si suala la mwanamume au la mikono kamili. Alikuwapo Martha Ann Honeywell, mzaliwa wa jimbo la New York, hakuwa na mikono. Alishika mkasi kwa mdomo na kwa vidole vya mguu, akakata sura safi kabisa mbele ya watazamaji waliolipa. Chini yake akaandika kwamba imekatwa kwa mdomo na M. A. Honeywell. Aliandika!

Nitawatajia jina moja tu la kuhuzunisha, halafu nirudi kwetu. Flora. Mwaka 1796, Connecticut, binti wa miaka 19 aliuzwa kutoka Milford kwenda Stratford kwa pauni 25. Hati ya mauzo ipo. Na pamoja na hati pana kivuli chake, kikubwa kama kichwa chenyewe cha mtu, nywele zake zimesimama. Siku zilezile kule Zürich mchungaji Lavater alikuwa ameshawafundisha watu kwamba ukipima paji na pua ya mtu kwenye kivuli utaijua tabia yake. Upuuzi uliowaumiza wengi wenye pua kama zetu. Kwa hiyo sanaa hii ninayoipenda ilitumika pia kama alama ya mali. Siwezi kuwaficha. Lakini mkiitazama ile hati, kinachobaki moyoni si bei. Ni shingo ya yule binti ilivyonyooka.

Sasa kwetu. Wengine hapa mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kama wengi wenu. Palikuwa na bibi mmoja aliyepoteza macho. Mwanawe alikuwa akija Jumapili. Jumapili moja nikamkata yule bwana, nikatumia manila ngumu badala ya karatasi laini, nikampa bibi mkononi. Akaishika, akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, taratibu, kutoka kooni. Akafika puani, akasimama. Akarudi chini, akapanda tena. Akasema, "Hii pua ni ya baba yake." Akaiweka chini ya mto. Kila nilipotandika kitanda naikuta, kingo zimelainika kwa kushikwashikwa.

Picha ya simu ingefanya hivyo?

Na mimi nina kosa langu, nalisema mbele yenu. Mwaka wangu wa kwanza nilikata kila niliyemkuta: kanisani, kwenye maulidi, kwenye vikao vyetu hivi. Nikabakiza nakala kwenye boksi la viatu. Sikuandika majina. Nilijiamini, nilisema nitawakumbuka. Kijana mmoja wa kwetu akafariki huku ugenini. Mama yake akanipigia kutoka Morogoro, alisikia nilimkata mwanawe, anaomba ile nakala. Nikafungua boksi. Nilikuta vijana watatu, nywele zimenyolewa namna moja, shingo karibu sawa. Nilikaa nazo mezani usiku kucha. Mwisho nikampigia simu, nikamwambia mama, sijui yupi ni wako.

Akaniambia, "Nitumie wote watatu, mwanangu. Mimi nitamjua." Nikampelekea. Akamjua. Wale wawili akanirudishia, nyuma ya kila mmoja ameandika kwa kalamu: huyu si wangu, mtafutie mama yake.

Wale wawili ninao hapa, kwenye bahasha hii. Baada ya mazungumzo itazunguka. Mtazame, na ukimtambua andika.

Nimeleta karatasi 60 na mikasi 8. Watoto mtakata na kina dada pale mezani, na mkumbuke nilichosema: mkono wa mkasi hauendi popote. Wakubwa mtapita kwangu mmoja mmoja, sitamchukua mtu zaidi ya dakika tatu. Nitakunja karatasi, moja yako, moja ya kitabu chetu cha hapa.

Naanza na Mzee wangu pale kando ya mlango, mwenye kofia. Karibu mbele, Mzee. Kofia usiivue, ni yako, itaingia. Kaa hivyo, tazama dirishani, usinitazame mimi. Kabla sijakata, nitajie jina lako, na la baba yako, na mlikozaliwa. Polepole, naandika.